Maneno Sita kwa Gari la Maziwa

Moshi Mjini,
Jumanne, 12 Machi 2024

Babu Eliona, shikamoo.

Bibi naye mpe shikamoo yake, usiimeze njiani kama ya juzi. Mimi mzima. Hapa dukani mashine ya kudurufu ya bosi inakwamisha karatasi kila baada ya nakala kumi, mpaka niipige kibao. Siku nikinunua ya kwangu sitaipiga.

Sasa jambo lililonikalisha chini. Naomba kubadilisha kanuni ya kwanza, ile ya elfu nane.

Najua, najua. Mwaka jana uliponipa laki nne za yule ndama dume tulikubaliana kwamba simu ni ya salamu na misiba, habari ya mtaji ni ya barua. Kanuni haibadiliki mpaka niombe kwa mwandiko wangu, Rogath apande na barua kwenye gari la maziwa, na jibu lako lishuke naye. Nimefuata miezi kumi na mitatu. Kila nikinunua bitcoin naandika kwanza kwenye daftari nitatoka kwa bei gani ikishuka, na biashara moja haijawahi kunila zaidi ya shilingi elfu nane. Nikipoteza mara mbili ndani ya siku saba nafunga mpaka Jumatatu inayofuata. Jumapili sigusi, na sokoni sikopi hata senti. Faida naipeleka kwenye ile pochi ya akiba ya mtandaoni. Kuweka humo naweza peke yangu, lakini kutoa hakuna anayeweza bila yale maneno kumi na mawili ya siri, na sita unayo wewe ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Leo akiba ni laki tatu na themanini. Bado laki tano na ushee nipate mashine iliyotumika.

Lakini Babu, soko linapaa! Brenda wa duka la jirani ameingiza mkopo wake wote, na kwa wiki moja amepata ninachopata mimi kwa miezi sita. Ananiita bibi kizee. Naomba, mwezi huu tu, nihatarishe elfu arobaini badala ya nane.

Jibu haraka. Ukikataa nitajua ni ule mguu wako wa vidole vitatu unaokutuma. Tangu shoka likule vile viwili unaogopa kila kitu chenye makali.

Mjukuu wako,
Kindness

*

Masama,
Alhamisi, 14 Machi 2024

Kindness,

Marahaba. Jibu ni hapana.

Ningeishia hapo nikaokoa wino, lakini najua utanuna, na ukinuna unafanana na mama yako, kwa hiyo nieleze.

Mwaka 1989 nilikuwa na mgeni juu kule mlimani, kati ya kituo cha Stella na kilele cha Uhuru. Tulibakiza hatua mia mbili. Usiniulize kama nilizihesabu. Mtu aliyewapandisha watu miaka ishirini na sita hahitaji kuhesabu. Ubao wa kileleni tulikuwa tunauona. Saa yangu ikafika saa mbili asubuhi, na kanuni yetu waongozaji ilikuwa moja: saa mbili ikikukuta hujafika, unageuka. Nikamgeuza. Alilia yule mtu. Alinitukana kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili alichojifunza njiani, na mwisho wa safari hakunipa bakshishi hata soksi. Saa tatu ikaja dhoruba ambayo mpaka leo wapagazi wa zamani wanaisimulia. Sisi tulikuwa chini tunakunywa chai.

Mlima haukimbii, Kindness. Soko nalo halikimbii. Anayekimbia ni mtu, na mara nyingi anakimbilia shimoni. Tamaa mbele, mauti nyuma. Brenda mwache na mbio zake, na akikuita bibi kizee itika.

Elfu nane ni elfu nane.

Bibi yako anakutumia mkungu wa ndizi ng'ombe na kimfuko cha magadi. Rogath akikuambia mkungu ulikuwa mdogo hivyo tangu mwanzo, usimwamini.

Babu yako,
Eliona

Habari za shoka usiwe unaziandika andika.

*

Moshi,
Jumatano, 20 Machi 2024

Babu wangu, shikamoo mara mbili.

Barua yako ilifika Alhamisi nikanuna kama ulivyosema. Ijumaa soko likaanza kushuka. Bei niliyoandika kwenye daftari ikafika, nikatoka na hasara ya elfu nane. Nikajaribu tena Jumatatu, nikatoka tena. Mara mbili, basi, nikafunga. Jana limeporomoka kweli kweli na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nafunika vitambulisho vya watu kwa plastiki.

Brenda amekwisha. Alikuwa amekopa na humo sokoni juu ya mkopo wake, kwa hiyo soko lilimuuzia kila kitu lenyewe, bila kumuuliza. Amelia chooni mpaka mteja akaniuliza nani amefariki. Nilimpelekea chapati na chai. Ningesema nini, wakati wiki iliyopita nilikuwa naomba ruhusa ya kumfuata?

Nimeandika HATUA MIA MBILI kwa kalamu nene ukutani juu ya mashine. Wateja wanafikiri ni bei ya kitu.

Asante, Babu. Nakupenda, na sisemi hivyo kwa sababu ya ndizi.

Kindness

*

Masama,
Jumanne, 2 Aprili 2024

Kindness,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Mvua zimeanza kwa hasira, mgomba mmoja umeangukia banda la ng'ombe, ng'ombe mwenyewe hana habari.

Nina maswali ya mzee asiye na kazi. Mtu akitaka kutoa hela zake huko mtandaoni, anatozwa kodi kwanza? Na mwenye nyingi, tuseme mamilioni, anatozwa zaidi? Na yale maneno kumi na mawili yakikutana, inachukua dakika ngapi kutoa?

Nauliza tu. Halafu hii biashara yako ya elfu nane nane, wewe mwenyewe huoni kama ni kutambaa? Kuna kijana ananunua maparachichi huku kwetu, anaitwa Fabian, muungwana sana, mtu wa kuvua viatu mlangoni. Nilimsimulia kwamba mjukuu wangu ana akiba ya laki tatu na themanini kwa nidhamu yake. Alikusifu, ila alicheka kidogo.

Bibi yako ananisumbua kila siku tuuze yale magunia mawili ya kahawa yaliyo stoo ili tuezeke jiko. Nimemwambia asubiri, bei itapanda.

Eliona

*

Moshi,
Ijumaa, 5 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako imenichoma, na sitajifanya haijanichoma.

Miezi kumi na mitatu sijagusa kanuni hata moja. Leo unaniuliza inachukua dakika ngapi kutoa hela, kama mtu anayemchungulia mwizi kupitia tundu la mlango. Kama huniamini tena, sema. Kama unataka ndama wako, sema pia, nitakurudishia laki zako nne na tubaki na heshima yetu.

Kuhusu kodi: mimi nikitoa, makato yanakatwa humo humo ndani ya hela yangu, kinachobaki kinakuja kwenye simu. Hakuna mahali mtu analipa kwanza ndipo apewe hela yake mwenyewe. Nani kakuambia hivyo?

Na huyo Fabian anayevua viatu anacheka nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kutambaa. Mbona kicheko cha mnunuzi wa maparachichi kinakuingia kuliko daftari langu?

Nimeandika kwa hasira, na nimeiacha barua kutwa nzima kama ulivyonifundisha. Hasira haijapungua, kwa hiyo naituma.

Kindness

*

Masama,
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Kindness,

Sikukuulizia wewe. Wewe nakuamini.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale. Nimelikata mwenyewe mpakani.

Nitumie maneno yako sita kwa mkono wa Rogath, yanifikie kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi. Usipige simu. Usimwambie Bibi yako. Usiulize.

Nimekuomba kwa isale.

Eliona

*

Moshi,
Jumanne, 16 Aprili 2024

Babu,

Nimepiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alipokea Bibi, akasema uko shambani, na kwa nyuma nikakusikia unakohoa.

Ningepanda leo hii. Rogath anasema mto umebeba kivuko cha chini, wanavusha madumu ya maziwa begani kwa kamba, abiria hawavushwi. Kwa hiyo nimebaki na karatasi, na naandika kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Isale! Umenifundisha mwenyewe nikiwa na miaka sita: mtu akikuletea isale, hata kama amekuchinjia ng'ombe wako, unapokea na unasamehe, na anayekataa anajitafutia laana. Nimeliweka jani kwenye glasi ya maji juu ya meza. Kila nikigeuka naliona. Babu, isale huletwa na aliyekosa. Umekosa nini? Sijawahi kukuona ukiomba kitu kwa isale, hata siku ile ulipogombana na kaka yako mpaka polisi wakaja.

Nimesoma tena barua yako ya tarehe mbili, safari hii bila hasira, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Kodi kabla ya kutoa. Mamilioni. Fabian. Ni yeye, siyo? Amekuonyesha namba kubwa kwenye simu na sasa anataka ulipe ndipo uzipate?

Na hiyo anayoitaka ni kiasi gani? Isije ikawa inalingana na akiba yetu. Wewe ndiye uliyemtajia laki tatu na themanini.

Nakusihi. Wewe ndiye uliyemgeuza mgeni akiwa anaona ubao wa kileleni. Ulimgeuza akilia, akikutukana, ukakubali kurudi bila hata soksi. Fanya hivyo tena. Saa mbili imefika, Babu. Geuka.

Kindness

*

Masama,
Jumatano, 17 Aprili 2024

Kindness,

Nimekaa stoo naandika juu ya gunia. Bibi yako anafikiri napima kahawa.

Sikugeuka mimi.

Aliyegeuka siku ile ni marehemu Eliaichi, tuliyekuwa tunaongoza pamoja. Saa mbili ilipofika alisema, "Eliona, tugeuke." Nikamwonyesha ubao. Nikamwambia hatua mia mbili hata mtoto anazitembea. Akachukua wageni wake wawili akashuka, na mimi nikaendelea na wangu, kwa sababu yule mgeni alikuwa ameniahidi saa yake ya mkononi. Dhoruba ilitukuta njiani kurudi. Tulikaa nyuma ya jiwe mpaka jioni. Mgeni alibebwa kwa machela mpaka kambi ya Horombo, kisha hospitali, kisha kwao. Sijui kama aliishi. Miaka thelathini na mitano sijui. Shoka halikuhusika na vidole vyangu, ni baridi. Bibi yako tu ndiye anajua, na aliniahidi kunyamaza. Kanuni zote ninazokufundisha ni za Eliaichi. Mimi nilizisikia nikazipuuza, halafu nikazisimulia kama zangu.

Sasa haya mengine. Tangu mwezi wa pili Fabian alinipa simu ya kupangusa. Niliuza yale magunia mawili ya kahawa, laki sita na nusu, nikampa aniwekee kwenye huo mtandao wake. Stoo nimejaza makapi, magunia yanaonekana vile vile. Kila jioni naifungua ile simu nikiwa bandani na naona hela zinaota. Jana zilikuwa milioni tano na laki mbili. Milioni tano, Kindness! Ningekununulia mashine mpya kabisa, ningeezeka jiko, na Bibi yako angeacha kupikia moshini. Nilichoka kuona unatambaa. Hapana, huo ni uongo mwingine. Nilikuonea wivu. Mjukuu wangu wa juzi anajua kitu nisichokijua, na mimi nilitaka nifike kabla yako.

Kodi ya kutolea ni laki tatu na nusu. Ndiyo, nimeona inavyokaribiana na akiba yako. Nimeiona tangu siku ya kwanza nikajiambia ni bahati. Fabian anakuja Ijumaa saa nne. Isipolipwa, anasema akaunti inafungwa na kahawa ya Bibi yako inapotea.

Najua utakaloniambia. Mganga hajigangi. Lakini naona ubao, Kindness, na miguu haitaki kugeuka.

Nitumie maneno.

Eliona

*

Moshi,
Alhamisi, 18 Aprili 2024

Babu yangu, shikamoo.

Nimelia na nimemaliza. Rogath anaondoka saa nane, nisikilize.

Huyo ni tapeli. Milioni tano hazipo na hazijawahi kuwepo, ile ni picha tu ya namba. Kahawa imekwenda. Mimi hiyo naiita hasara, naiandika kwenye daftari, nafunga wiki. Inauma mara moja. Ukilipa kodi, Jumatatu atakuja na kodi nyingine, halafu atataka ng'ombe, halafu atauliza hati ya shamba letu la kihamba.

Muulize jambo moja tu mbele yako: "Kama nina milioni tano humo, kata kodi yako humo humo, unipe zinazobaki." Mtazame uso anapojibu.

Lakini umeniomba kwa isale. Nimekaa na jani hilo siku tatu. Ningeweza kukuambia isale ni ya kuomba msamaha, si ya kuomba hela, na ningekuwa na haki. Msamaha nimeshatoa, hata wa vile vidole. Kilichobaki ni maneno. Nikiyazuia, kesho hutalipa kwa sababu huna, na maisha yako yote utaamini milioni tano zilipotea kwa ukaidi wangu. Hutakuwa umegeuka. Utakuwa umefungwa kamba.

Kabla ya kununua chochote huwa naandika kiasi nilicho tayari kupoteza. Leo nimeandika: akiba yote. Niko tayari. Mashine ya bosi nitaendelea kuipiga kibao. Wewe siko tayari kukupoteza kwa Fabian wala kwa aibu, kwa hiyo usije ukafanya jambo la kijinga ukaniachia barua.

Maneno yangu sita yamo kwenye bahasha ndogo, nimeitia gundi na kuipiga pini. Ya kwako unayo. Sasa kila kitu kiko mikononi mwako, na mimi siwezi kufanya lolote kutoka huku.

Naogopa sana, Babu.

Kindness

*

Masama,
Jumamosi, 20 Aprili 2024

Mjukuu wangu Kindness,

Marahaba, na marahaba ya zile zote ambazo sikuitikia.

Fabian alikuja saa tatu na nusu, mapema, akavua viatu. Bibi yako akamwekea chai na ndizi za kuchoma kwa sababu hajui. Bahasha yako ndogo ilikuwa mfukoni mwangu wa shati, na kitabu cha nyimbo kilikuwa mezani. Akaniuliza, "Mzee, yamefika?" Nikasema yamefika. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, nakuapia, nikaishika ile pini.

Nikamuuliza swali lako. Akajibu bila kunitazama: "Mfumo hauruhusu, mzee." Nikamuuliza tena, polepole, kama mtu mjinga. Akatabasamu, akasema tumebakiza hatua ndogo sana, mzee, usikate tamaa mlangoni.

Nadhani asingesema hivyo ningempa. Nakuambia ukweli kwa sababu nimechoka na ule mwingine. Lakini aliposema hatua nilisikia baridi kwenye vile vidole ambavyo sina, nikamsikia Eliaichi. Nikaitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa nne kasoro. Nikamwita Bibi yako kutoka jikoni, na mbele ya Fabian nikamwambia: magunia ya stoo ni makapi, kahawa nimempa huyu. Fabian hakumaliza chai. Aliondoka kiatu kimoja hakijafungwa kamba, na namba yake haipatikani tangu jana. Ile simu aliyonipa nimeipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Anasema mimi ni mzee wa nne, na watatu wa kwanza waliona aibu kusema.

Bibi yako alikwenda stoo, akatia mkono ndani ya gunia, akarudi na makapi kiganjani, akayaweka mezani karibu na kikombe cha Fabian. Nikaenda mpakani nikakata jani la isale, nikampelekea kwa mikono miwili. Amelipokea, amelichomeka juu ya mlango. Isale haikataliwi. Lakini hakuna kanuni inayosema aliyeipokea lazima akupikie, kwa hiyo tangu jana najipikia mtori wa ndizi mwenyewe, na ni mbaya.

Bahasha yako ndogo nakurudishia. Itazame pini, haijaguswa, na gundi ni ile ile ya dukani kwenu. Maneno yangu sita nimeyatoa kwenye kitabu cha nyimbo nimemkabidhi Bibi yako, ameyaweka anapojua yeye. Kuanzia leo ukitaka kubadilisha kanuni mwandikie yeye. Barua atasomewa na Kindi wa jirani, maana macho yake hayawezi, na nakuonya, ni mgumu kuliko mimi na Eliaichi tukiunganishwa.

Kahawa ya mwaka huu nitavuna kwa mikono yangu na hela itapita kwake kwanza. Nimeandika kwenye daftari la ng'ombe, kama unavyofanya wewe: laki sita na nusu, hasara. Imeuma. Halafu nimefunga.

Ile saa ya yule mgeni aliniachia, sikuwahi kukuambia. Alinivisha wakati wanambeba. Ndiyo ile inayokaa kwenye kopo la misumari, ambayo ulikuwa unalia upewe nikakunyima. Rogath anakuletea na barua hii. Haifanyi kazi tangu siku ile, usiitengeneze. Itundike pale ukutani chini ya maandishi yako.

Zilibaki hatua mia mbili, mjukuu wangu, na ubao niliuona. Nimegeuka.

Babu yako,
Eliona

Bibi yako amesema neno la kwanza tangu jana, sasa hivi nikifunga bahasha. Amesema nikuambie kesho ni Jumapili, usiguse.